Gari la Babako Nyuma Yako

Wakesho wangu,

Salamu sikuandikii, kwa maana uko chumba cha pili hapo na nakusikia ukiburuta masanduku. Ukija kuuliza mbona taa yangu bado inawaka nitakwambia natafuta miwani. Barua hii utaikuta asubuhi kando ya kikombe chako cha chai. Nakujua tangu utotoni, ukinywa chai hutaki kusemeshwa, kwa hiyo utaisoma hadi mwisho bila kunikata na ile "Mum, please" yako.

Mambo ya kula, kulala na kufunga milango siyagusi. Wewe ni nesi wa wagonjwa mahututi. Unawaambia wanaume wazima wameze dawa na wanameza. Mtoto wangu mimi, niliyeishia darasa la saba Wundanyi! Hilo nimelisema kanisani, nimelisema kwa muuza samaki, na juzi nilimwambia hata mtu aliyepiga simu hapa kwa makosa. Alinipongeza, kisha akakata.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya gari la babako na namna utakavyolivuta.

Tumebishana sana, na jirani zetu hapa Missouri City sasa wanajua maneno ya Kiswahili ambayo hawakuyajua. Wewe umenunua hilo gari-nyumba uishi ndani yake huko magharibi unakokwenda, hospitali moja miezi mitatu, nyingine miezi mitatu, na nyuma yake unataka kulifunga lile gari jekundu kwa chuma cha kuvutia, magurudumu yote manne chini, lijiviringishe lenyewe. Mimi nimesema trela. Ukaniambia trela ni nzito, haina mahali pa kuegeshwa. Nikasema trela. Ukasema basi kile kigari cha magurudumu mawili, kinachonyanyua magurudumu ya mbele tu. Hicho ndicho nilichokikataa kabla hujamaliza sentensi. Gari likinyanyuliwa mbele linakuwa kama mbwa aliyepanda dirishani, taa zake mbili zinakutazama mpaka kitandani. Nikasema trela, lilale juu, lifungwe mikanda, litulie.

Nilikupa sababu, na zilikuwa za kweli. Nilikwambia matairi yatalika. Nilikwambia ukilivuta kwa magurudumu manne huwezi kurudi nyuma hata kidogo, maana ukirudi nyuma magurudumu ya mbele yanajikunja na chuma kinapinda. Wewe ukacheka. "Mum, umejulia wapi haya yote?"

Nikakwambia mamako anajua mengi. Sikukwambia nimejulia wapi. Na wiki iliyopita kule Gulfton, uani kwa Papa Bahati, yule fundi wako Mkongo, alipokuwa akichomelea kile chuma cha kushikilia chini ya bampa, uliona mwenyewe nilivyosema maneno machache, mimi ambaye sijawahi kusema machache mahali palipo na watu wawili.

"Mama Wakesho," alisema, "motokari ya gia ya mukono haina matata. Unaachilia gia, inakufuata tu sawa mbuzi."

"Na kwenye kona?"

"Kwenye kona inakata kona."

"Nani anashika usukani?"

"Hakuna mutu. Magurudumu inajua njia." Akainua kile kinyago chake cha kuchomelea, akanitazama. "Mama, mi nilitembea pori ya Congo kwa miguu, sikuogopa. Weye unaogopa motokari ya bwana yako?"

Ukacheka hadi ukashika ukuta. Mimi nikasema trela, nikaenda kukaa kivulini. Sasa nitakwambia nilichokuwa nikikifikiria pale kivulini.

Unakumbuka ulipokuwa shule ya msingi nilikuwa nikimlea Misi Lorene. Wewe ulimwona mara chache, yule bibi mweupe mwenye nywele kama pamba aliyekuwa akikupa peremende za mdalasini. Akili yake ilikuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo. Mumewe, Mista Earl, alikuwa mtu mrefu asiye na maneno, na kila kiangazi alimchukua mkewe kwa gari-nyumba lao hadi kwenye ziwa la Lewisville. Alipoona mkewe hawezi tena kuachwa peke yake kule nyuma, akaniomba niende nao. Nikaenda. Nilikuwa nadai kuwa mimi ndiye Mtaita wa kwanza kulala ndani ya nyumba inayotembea, na hakuna aliyewahi kunipinga.

Nyuma walikuwa wakivuta gari dogo la buluu. Lilikuwa la mwana wao wa pekee. Alikufa kabla sijaingia kazini kwao, na hakuna aliyeniambia alikufaje. Mista Earl hakuwa akiliendesha wala hakutaka kuliuza. Alilifunga nyuma kila safari, akalivuta hadi ziwani, akalirudisha. Ni yeye aliyenifundisha kufunga ile kazi: minyororo ipite chini na ipishane, waya za taa ziunganishwe, gia iachiliwe, breki ya mkono ishushwe, na ufunguo ubaki tunduni umegeuzwa hatua moja ili usukani usijifunge. Nilikuwa na mkono mwepesi. Aliniambia ninafunga vizuri kuliko mwanamume yeyote aliyewahi kumsaidia, na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia, mpaka siku ninayotaka kukusimulia.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kule nyuma na Misi Lorene. Kulikuwa na kitanda, na juu ya kitanda dirisha pana, na nje ya dirisha hilo, karibu mtu aweze kulitemea mate, lile gari la buluu likitufuata. Wakesho, sijui kama umewahi kulitazama gari linalovutwa. Siyo kwa haraka barabarani. Ulitazame kwa saa nzima. Kiti kitupu. Mkanda umening'inia. Na usukani unageuka. Njia ikipinda kushoto, unakwenda kushoto taratibu. Njia ikinyooka, unarudi katikati, unatetemeka kidogo, unatulia, kama mtu anayejua kazi yake.

Misi Lorene alikuwa akilipungia mkono.

"Anaendesha vizuri leo," aliniambia.

Nami nikamjibu, kama tunavyofundishwa kuwajibu wazee wa namna hiyo, "Vizuri sana, Misi Lorene." Nilikuwa nikicheka moyoni. Nilicheka safari ya kwanza yote. Hata babako nilimhadithia nikicheka, akasema gari lisilo na mtu ni gari lisilo na mtu, na wazungu wana muda mwingi.

Safari ya pili sikucheka. Mista Earl hakupenda barabara kuu, alipita ile ya zamani inayokata misitu ya misonobari juu ya Huntsville, njia nyembamba, kona baada ya kona, mchana kweupe, jua la kuumiza macho, na bado chini ya ile miti kuna giza la kijani. Misi Lorene alikuwa amelala. Nilikuwa nautazama usukani kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Ukakata kulia. Nikashika ukingo wa kitanda nijizuie, maana nimezaliwa kwenye kona za Mwatate na mwili wangu unajua kujipanga. Lakini sisi hatukukata. Tulikuwa bado tunakwenda moja kwa moja. Ndipo, baada ya muda wa kumeza mate, gari-nyumba nalo likakata kulia.

Nikajiambia nimechoka. Nikatazama tena. Kona ya kushoto, usukani ukatangulia. Kona ya kulia, ukatangulia. Unajua mwenyewe, umelisoma jambo hilo: gari linalovutwa haliwezi kukata kabla ya linalolivuta. Ni kama kivuli kiketi kabla ya mwenye kivuli.

Tuliposimama kunyoosha miguu, Mista Earl alimpeleka mkewe msalani, akanipa ufunguo wa akiba nimtolee sweta yake ndani ya gari la buluu. Nilifungua mlango. Joto lilinipiga kama la tanuri, na ndani yake harufu ya mtu, ya mafuta ya nywele. Nikachukua sweta. Kisha nikafanya ambalo mwanamke wa kwetu yeyote angelifanya, na ambalo hakuna mtu mwingine Texas nzima angeliwaza. Nikavua leso kiunoni.

Sisi kila kitu tunakifunga leso. Mtoto mgongoni, mzigo wa kuni, kichwa kinachouma, kiuno cha mfiwa asije akavunjika katikati. Nikaipitisha ile leso kwenye usukani, nikaivuta hadi chuma cha chini ya kiti, nikaipiga fundo la kuni. Nikautikisa usukani, haukusogea. Nikafunga mlango, nikarudi na sweta, na nikajisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga.

Mwanzoni njia ilikuwa imenyooka. Usukani ulikuwa umetulia na nilipumua kwa raha. Misi Lorene alilala tena, uso ukutani, mgongo kwangu na kwa dirisha. Hakuwa ameniona kule nje. Hakuna aliyeniona. Tukafika kona ya kwanza, na kabla sijasikia chochote akasema, hakugeuka wala hakufumbua macho, kwa sauti ya mama anayemkanya msichana wa kazi:

"Mbona umemfunga mikono?"

Ndipo nilipouona moshi. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanaburutwa kwa ubavu, mpira unalia, moshi mweupe unapanda mbele ya kioo mpaka kile kiti kitupu hakionekani tena. Na Mista Earl hajui lolote. Hilo ndilo jambo la kutisha la kuvuta gari kwa gari kubwa, Wakesho, na hili lisikie kama dereva: huku mbele huhisi kitu. Linaweza kuungua nyuma yako nawe unapiga mluzi. Nilikimbia mle ndani nikishika makabati, nikampiga begani kwa ngumi. "Simama! Simama!"

Akasimama pembeni, chini ya misonobari. Nyenje walikuwa wanapiga kelele, kisha wakanyamaza wote pamoja. Alishuka, akafungua mlango wa gari la buluu, akaiona leso. Akaligusa lile fundo kwa kidole.

"Ni yako?"

"Ni yangu."

Nilingoja kufukuzwa. Nilikuwa tayari najiuliza nitamwambia nini babako.

"Ulidhani atakwenda wapi?" akaniuliza.

Hakusema "litakwenda." Kiingereza changu ni cha kuokoteza lakini hilo nililisikia sawasawa. Alisema "atakwenda."

Nikamwambia niliogopa. Akaitikia kwa kichwa. "Mimi sijakitazama kile kioo cha nyuma tangu tulipomzika," akasema. "Nadhani wewe ndiye unayekitazama kwa niaba yangu." Kisha akaniambia nimfungue.

Fundo lilikuwa limekaza. Mimi nalijua fundo langu, linalegea kwa vidole viwili. Hilo lilikuwa limevutwa na nguvu ambayo siyo yangu, ikabidi nilifungue kwa meno, nimepiga magoti kwenye ule mlango, uso wangu karibu na kile kiti. Matairi ya mbele yalikuwa yameliwa upande mmoja, tukajikokota hadi mji wa mbele kuyabadilisha. Na kutoka hapo hadi Lewisville, Misi Lorene akipunga mkono, mamako naye alipunga. Usimwambie mtu kanisani.

Sikufukuzwa. Nilikaa nao mpaka Misi Lorene alipokwenda zake, na siku ya mazishi Mista Earl alinikalisha mbele, na familia, na mimi nikaketi mbele kwelikweli, na kofia yangu.

Ungedhani mtu aliyeona hayo amejifunza. Sikujifunza. Babako alipoanguka kule ghalani kazini na moyo ukakataa kuamka, na tukamsafirisha hadi Wundanyi tukamlaza karibu na mamake, mimi niliporudi hapa nilifanya nini? Uliona. Kabla sijafungua hata sanduku la safari nilitoa mashati yake yote. Viatu vikaenda kanisani. Nikabadilisha mapazia, nikageuza kitanda kikaelekea ukuta mwingine, nikatupa mswaki. Akina mama wakaja wakasema, "Mama Wakesho ana nguvu, jamani." Nami nikakubali kwamba nina nguvu. Nikawapikia. Nilijisifu kwa ajili ya jambo hilo kwa simu mpaka Nairobi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni mwa chumba chako unanitazama kama mtu anayetazama moshi, na sikuona. Mwanangu, ulikuwa unahitaji shati moja tu lenye harufu yake na mimi nilikuwa nimeyafua yote. Hilo nimelielewa baada ya mwaka mzima kupita.

Gari jekundu lilinusurika kwa sababu ufunguo ulikuwa mkononi mwako.

Unajua alivyolipenda. Watu wote hapa wanaendesha magari ya gia za kujibadilisha, yeye akasema gari linalojiendesha ni la wavivu, akakufundisha klachi kwenye maegesho ya duka mpaka ukalia. Na akawa na ile tabia yake ya kugeuza usukani kwa kiganja kimoja, vidole vimenyooka, kama anayepangusa meza. Nilikuwa namgombeza. "Shika kwa mikono miwili, baba Wakesho." "Nimeshika kwa mmoja na unatosha, mama."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wewe na mimi ni wafupi. Ukiliendesha lile gari unavuta kiti mbele mpaka magoti yanakaribia usukani. Asubuhi moja mwezi wa kwanza baada ya kurudi kutoka Kenya, nilitoka kutupa takataka, nikachungulia ndani. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa. Nikadhani ni wewe. Nikakuuliza kama mzaha, ukasema, "Mum, sijaligusa tangu Jumapili." Nikakivuta mbele mwenyewe. Kesho yake kilikuwa nyuma. Nikakivuta. Siku ya tatu sikukivuta. Niliingia upande wa abiria na kikombe changu, nikakaa.

Nimekuwa nikikaa mle kila asubuhi wewe ukiwa kazini. Chai inapoa. Siombi, sisemi, au nikisema namgombeza tu. Kuna mahali pananuka yeye, pale mkanda unapotokea ukutani. Sikuwahi kuogopa mle ndani, Wakesho. Nilikuwa naogopa nje.

Kwa hiyo sasa unajua trela ilikuwa ya nini. Kuipata ingechukua muda, kuisajili muda, ungechelewa, hospitali wangemwita mtu mwingine, ungekaa. Au ungechoka kubishana ukasema basi, liache hapa, Mum. Hilo ndilo nililolingoja. Nilikwambia naogopa gari litakuponyoka njiani. Nilichokuwa nikikiogopa ni kwamba litakufuata wewe, na mimi niliyelala kitanda kimoja na mwenye gari nitabaki na mapazia mapya.

Na leo mchana ndipo ubishi uliponiisha. Ulidhani nimekubali kwa sababu Papa Bahati alinishinda kwa maneno. Hakuna Mkongo aliyezaliwa wa kunishinda kwa maneno.

Pale kwenye maegesho ya kanisa, mlipomaliza kufunga na kujaribu zile breki za gari la nyuma, nilikwambia nataka kukaa ndani ya gari jekundu nisikilize magurudumu. Ukasema si ruhusa. Nikasema barabarani si ruhusa, hapa ni uani kwa Mungu, endesha polepole. Ukanicheka, ukaenda mbele. Nikaingia upande wangu, wa abiria. Papa Bahati akatembea kando yangu akitazama matairi, huku akinitania kupitia dirishani. "Mama, salimia dereva!"

Ukaondoka. Gari likasogea bila sauti ya injini, mvumo wa matairi tu na minyororo kugongana kidogo chini. Hewa ilikuwa moto, haiendi popote. Usukani ukaanza kwenda. Kushoto kidogo, katikati. Nilikuwa sijawahi kukaa ndani, nilikuwa nimetazama kutoka nje tu, kupitia vioo viwili. Ndani ni tofauti. Ndani huoni kitu kinachojiendesha. Unaona upole. Usukani ulikuwa unateleza kwa mkupuo mmoja, mrefu, kama unasukumwa katikati na kitu bapa.

Tukafika kule mwisho, kwenye mapipa ya taka. Usukani ukakata kulia. Nikainua macho nikatazama mgongo wa gari-nyumba lako. Ulikuwa bado umenyooka. Nilikuwa na muda wa kuona hivyo vizuri, na muda wa kutazama nje dirishani, na kumwona Papa Bahati amesimama. Alikuwa ameacha kutania. Alivua kofia, akaishika kifuani. Ndipo wewe ukakata.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alivua kofia, alinijibu bila kunitazama. "Jua kali, mama." Mtu anayevua kofia kwa sababu ya jua.

Wewe ulisimama ukashuka, ukaniona nimekaa nalia, ukadhani nimeogopa. Ukanishika mkono. Ukasema, "Sawa, Mum, tutatafuta trela." Umeona moyo wako ulivyo? Ulikuwa tayari kuacha. Nami nilikuwa nimepewa nilichokitaka mkononi, na nikasikia jinsi kilivyo kidogo. Nikakwambia hapana, magurudumu manne chini, na tukaenda nyumbani.

Nitakwambia nilichokiona pale kwenye mapipa, uamue mwenyewe, wewe ni mtu wa sayansi. Aliikata kona kabla yako kwa sababu alikuwa anaitazama kona kwa ajili yako. Kiti kile hakikuwa kinarudi nyuma kila siku ili mimi nipate mahali pa kunywea chai. Mtu hujipangia kiti akiwa na safari. Nilikaa mle mwaka mzima, kando yake, na sikujiuliza anasubiri nini.

Basi mpeleke. Ndani ya gari hakuna kitu nilichofunga, nimekagua mara mbili. Ufunguo uko tunduni hatua moja, gia imeachiliwa, breki ya mkono iko chini, na kiti nimekiacha alivyokiacha. Usikivute. Huko kwenye tambarare za magharibi, njia ikiwa ndefu na hakuna gari lingine, utautazama usukani, najua utautazama. Utazame tu. Usiufunge, na usijifanye huuoni kama Mista Earl. Na ukipotea njia, kwa sababu utapotea, umerithi hilo kwangu, usilazimishe kurudi nyuma ukiwa naye. Shuka, ufungue chuma, ugeuze gari-nyumba lako, kisha ugeuze lake, uunganishe tena. Inachukua muda. Hakuna aliyekufa kwa kuchukua muda kando ya barabara.

Mimi nitakuwa mzima. Kesho jioni nitasimulia kanisani kwamba mwanangu amekwenda na nyumba yake mgongoni kama kobe, na amelivuta gari la babake kwa chuma alichokichagua mwenyewe, na wataniambia nimelisema hilo mara ya kumi, na nitalisema ya kumi na moja.

Asubuhi nitasimama pale barazani. Sitapiga kelele wala kukuombea kwa sauti mbele ya majirani. Nina ombi moja tu. Ukifika mwisho wa mtaa wetu, unapokata kona ya kwanza, usinitafute kwenye kioo kuona kama nakupungia mkono.

Nitakuwa napunga. Lakini wewe nitakuwa nimeshakuaga, mamangu. Huyo nitakayempungia ni yule wa nyuma, ambaye sikumuaga vizuri.

Mamako